Mbavu za Shingo

Somoe Malibiche aligonga pingili ya saba ya daraja kwa kinyundo chake cha mpingo, akatega sikio. Upande wa kulia mfupa uliitika kama ilivyo kawaida yake, kwa sauti nyembamba iliyochelewa kidogo kufa. Akahamia kushoto, akagonga tena. Huko sauti ilikuwa nzito na fupi, kama ya mtungi uliojaa. Aliingiza mkono chini ya utando laini uliofunika mfupa, akapapasa polepole mpaka vidole vikakutana na kivimbe. Alipokigundua mara ya kwanza kilikuwa sawa na korosho. Sasa kilijaa kiganja.

Aliutoa mkono, akakaa juu ya mbao za kupitia, miguu ikining'inia. Chini kabisa, Mto Namkonda ulikuwa uzi wa maji uliolala katikati ya mchanga. Mvua zikifika, uzi ule hujaza bonde lote, na kijiji hutengwa na zahanati, soko na barabara, vyote vilivyo ng'ambo, mpaka maji yachoke yenyewe. Mto ulikwisha kubeba madaraja mawili ya chuma. Miaka kadhaa nyuma, wakati wa masika, ulimbeba mwalimu wa darasa la kwanza aliyejaribu kuvuka kwa kamba. Baada ya msiba huo watu wa Namkonda hawakubishana sana walipoulizwa kama wako tayari kulea daraja la mfupa.

Mifupa ya asili ilitoka kilimani, nyuma ya kijiji: dinosaria mla majani, shingo ndefu, miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, hata mgongo wake ukateremka kuelekea mkiani kama paa la banda. Maabara ya mjini ilipima kila mfupa, ikatengeneza mbegu ya mfupa hai uliofuata umbo lile lile kwa ukubwa wa mara tatu, na mbegu ikaoteshwa papo hapo mtoni. Miguu ya mbele ilisimama ukingo wa kijijini kama nguzo. Kiwiliwili kililala nyuma yake, na mkia ukazikwa ardhini ili ushikilie mzigo wote. Shingo, pingili kumi na tatu, ilinyooshwa juu ya bonde hadi kwenye mwamba wa ng'ambo, ikifungwa kwa chini na kano zilizooteshwa pamoja nayo. Ndani ya pingili mlikuwa na matundu ya hewa, kuta nyembamba zikiegemeana, kwa hiyo shingo nzima ilikuwa nyepesi kuliko ilivyoonekana. Kichwa hakikuoteshwa. Kilikuwa kidogo mno hata kwa mwenyewe, na darajani hakikuwa na kazi.

Watu walimwita Mwali. Alikuwa amefunikwa, alilishwa uji wa madini kwa mpira uliopita ndani ya miguu, na ilisubiriwa siku ya kumtoa nje. Aliyeanza kumwita hivyo hakujulikana, ila Bakari Ng'itu alidai ni yeye.

Ng'itu alikuwa msimamizi wa wabebaji, na ukoo wake ulikuwa na utani na ukoo wa akina Somoe. Kwenye harusi aliweza kumchukulia kuku bila kuomba. Kwenye msiba angechimba kaburi na kuwachekesha wafiwa. Na katika siku zote za katikati aliruhusiwa kumwambia lolote. Asubuhi hiyo alikuwa ukingoni na watu wake, kila mmoja na kiroba cha mchanga, wakimsubiri Somoe awaruhusu kupita.

"Mlezi," aliita, "huyo mwanao kaota jipu au ni mimba?"

"Muulize baba yake. Si ulisema jina ulimpa wewe?"

Wabebaji walicheka. Somoe naye alicheka, lakini kidogo, kwa sababu mkaguzi alikuwa njiani.

*

Mkaguzi, Mhandisi Ntandu, alivuka mchanga wa mto kwa gari, akaegesha upande wa kijiji. Nyuma ya gari mlikuwa na madumu ya dawa ya kugandisha. Alikuwa mtu wa Singida, mrefu, mwenye kuongea kama anayeogopa kumwamsha mtu chumba cha pili. Kabla ya kukanyaga shingo alivua viatu bila kuambiwa, na Somoe alimpenda kwa hilo.

Alipima asubuhi nzima. Alipofika pingili ya saba alilala kifudifudi juu ya mbao, akaingiza mkono, akapapasa.

"Dada Somoe, hiki ni nini?"

"Sijui."

"Afadhali. Ungesema unajua ningeogopa zaidi."

Walikaa kivulini mwa mguu wa kushoto, na Ntandu akaeleza mambo jinsi alivyoyaona. Mfupa hai ni kitu kinachojiamulia. Leo umeota kivimbe, kesho unaweza kupasuka, na yeye hawezi kuwaruhusu watoto wapite juu ya kitu asichokijua. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kugandisha: dawa inapitishwa kwenye mpira wa uji, mfupa unakufa, unabaki mgumu kama jiwe katika hali uliyo nayo. Daraja lingefunguliwa mara moja, lakini kwa waendao kwa miguu tu, si kwa machela wala gari, na ufa wowote utakaotokea baadaye usingepona. Njia ya pili ni kumwacha hai na kulifunga daraja mpaka mvua zipite. Wakati huo wote kijiji kingekuwa kisiwa.

Somoe aliuliza kama ipo ya tatu, kumwacha hai na watu wapite.

"Ipo," alisema Ntandu, "ila sina ninachoweza kukiegemea nikiichagua."

Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, alimuuliza kama anadhani kitu hiki kinaumia.  Mwali hakuoteshewa neva. Hakuwa na pa kuumia. Hilo Somoe alilijua kwa hakika. Lakini alimwona akiziba nyufa zake mwenyewe, akinenepa penye kazi na kukonda pasipo na kazi, na mkono wake ulisita kila alipotazama yale madumu. Hakujua kama kusita huko ni haki ya Mwali au ni mazoea yake tu ya kumlea. Akamwambia hivyo hivyo.

Ntandu aliitikia kwa kichwa polepole. Alisema atalala kijijini, na kabla ya kuondoka angehitaji neno moja kutoka kwake, kugandisha au kufunga.

*

Alasiri Somoe na Ntandu walikwenda kwenye banda lililohifadhi mifupa ya asili. Somoe hakuwa na hoja aliyotaka kuithibitisha. Kazi yake ilimfundisha kwamba anapokwama arudi kwa yule wa kwanza, na ndicho alichofanya.

Pingili ya saba ya asili ilikuwa ndani ya ganda lake la plasta, ndefu kama meza ya kulia chakula. Ng'itu na wenzake walisaidia kuigeuza, wakilalamika kwamba marehemu huyu mzito angepaswa kuwa na watani wa kwake wa kumbeba. Ilipolala chali, Somoe alipuliza vumbi. Chini ya pingili, kila upande, palikuwa na kishina kilichovunjika, kikielekea nyuma.

"Mbavu," alisema.

"Shingoni?" aliuliza Ng'itu.

Ntandu ndiye aliyemwonyesha, akitumia fito alizookota nje. Kila pingili ya shingo ilikuwa na mbavu mbili nyembamba, moja kila upande, zisizozunguka kifua bali zilizolala chini ya shingo na kurefuka kwenda nyuma, zikipita chini ya pingili inayofuata na nyingine tena, zikipishana kama fito za ukuta wa udongo. Ncha zake zilikuwa kano zilizogeuka mfupa. Shingo ilipovutwa, mvuto ulikimbia kwenye mbavu hizo hadi mabegani, na pingili zenyewe zikapata kupumua.

"Sasa mbona huyu wetu hana?" aliuliza Ng'itu.

Somoe alijibu kwamba wakati wa kuchora, jopo zima, yeye akiwemo, walikubaliana kuziondoa. Zilivunjika upesi katika majaribio na zilikula uji mwingi. Hesabu zilionyesha kwamba pingili na kano zinatosha. Hakuna aliyepinga.

Aliweka kidole kwenye kishina cha kushoto, akafumba macho, akakumbuka mahali vidole vyake vilipokutana na kivimbe. Palikuwa pale pale. Na kivimbe, sasa alipofikiria, hakikuwa duara. Kilichongoka upande mmoja, upande wa nyuma.

Walirudi darajani kwa haraka ambayo hakuna kati yao aliyeikiri. Ntandu aliambatisha kipima-sauti, kifaa kinachochora ndani ya mfupa kwa mwangwi, chini ya pingili, na kwenye kioo nyuzi za kile kivimbe zilionekana zote zimelala kufuata urefu wa shingo, ndani ya kano yenyewe. Uvimbe wa ugonjwa hutawanyika kila upande. Hiki kilijua kinakokwenda.

"Anaota ubavu," alisema Ntandu. "Hatukumpa, anajiotea."

Somoe alihamisha kipima-sauti kulia. Huko kano ilikuwa laini, kimya, bila hata dalili. Furaha yake ikaishia katikati. Daraja lenye ubavu upande mmoja lingejipinda, na likijipinda vya kutosha lingewamwaga watu mtoni.

*

Asubuhi iliyofuata Ntandu aliomba kuwatazama wabebaji wakifanya kazi. Alikaa chini ya shingo, kwenye mchanga, kipimo cha mkazo mapajani.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Mfupa huimarika pale unapolemewa, basi asubuhi wabebaji walipeleka mchanga ng'ambo kwa kufuata upande wa kushoto, na alasiri waliurudisha kwa kufuata upande wa kulia. Mzigo ule ule, watu wale wale, mwendo ule ule. Ndivyo maelekezo yalivyosema.

Walipofika pingili ya saba walikutana na watu wa ng'ambo wanaokuja mashambani upande wa kijiji, walioruhusiwa kupita wakati wa majaribio, mikono mitupu au na jembe begani. Mbele yao alikuwa Bi Salima Mnali, mwanamke mnene wa makamo ya mwisho, mwenye sauti ya kufika mbali. Msafara wote wa wabebaji ukasimama. Wanawake wakapinda magoti kidogo, viroba vikiwa vichwani, mikono imekutana kifuani.

"Shikamoo, Bi Salima."

"Marahaba, wanangu. Mmeamkaje? Na yule mwenye homa?"

Mwenye homa alikuwa na nafuu. Bi Salima akauliza habari za tembo walioingia kwenye mtama, akaulizwa habari za goti lake, akaeleza kwa kirefu. Kila aliyefika nyuma alisimama, akapinda goti, akainuka. Kwenye kipimo cha Ntandu mshale ulipanda na kushuka, kupanda na kushuka, mahali pamoja, mpaka Bi Salima alipomaliza.

Alasiri wabebaji walirudi kwa upande wa kulia. Watu wa ng'ambo walikuwa wamekwisha kwenda kwao. Hapakuwa na wa kumsalimia, na msafara ulipita moja kwa moja. Mshale ulicheza kidogo ukalala.

Ntandu alibaki amekaa mchangani, akicheka peke yake bila sauti. Somoe aliposhuka, Ntandu alimwambia kwamba kwenye maelekezo waliandika watu wasisimame njiani.

"Mliandika, Mhandisi. Lakini Bi Salima utampitaje kama unapita mti?"

"Huwezi," alikubali.

*

Sasa tiba ilijulikana, na ndiyo iliyomnyima Somoe amani. Ili ubavu wa kulia uote, ilibidi watu wasimame kulia na mizigo yao, wapinde magoti na kuinuka, alasiri kwa alasiri, kwenye upande uliokuwa dhaifu zaidi wa daraja lisiloidhinishwa. Viroba peke yake visingefaa. Mfupa hausikii mzigo unaolala tu; unasikia ule unaokuja na kuondoka. Walitakiwa watu hai, wenye magoti.

Ntandu alisema anaweza kuandika neno lolote kati ya mawili, kugandisha au kumwacha hai, lakini si yote mawili, na kwamba yeye hatamlaumu kwa lolote. Somoe alitamani amlaumu kidogo, ingemrahisishia.

Akawaita wabebaji na watu wa ng'ambo ukingoni, akawaambia yote. Aliwaambia kwamba dawa ikipitishwa, wanaanza kupita mara moja. Aliwaambia kwamba ubavu wa kulia huenda usiote kabisa, kwamba hesabu zinasema shingo itashika lakini hesabu hizo hizo ndizo zilizowafanya waondoe mbavu. Mwisho aliwaambia kwamba yeye amemlea Mwali kwa miaka, hivyo wasiamini moyo wake, wapime wenyewe.

 Ng'itu ndiye aliyejibu wa kwanza.

"Tukianguka utatuzika wewe? Hiyo kazi yangu, na mimi nitakuwa chini pale na wenzangu. Utaharibu mazishi, Somoe, nakujua."

Watu walicheka. Kisha akauliza kwa sauti nyingine, isiyo ya utani.

"Ukimgandisha, mgonjwa asiyeweza kutembea atavukaje?"

"Mtambeba mgongoni."

"Kama sasa."

"Kama sasa. Na siku Mwali akipata ufa, hatapona."

Bi Salima alikuwa amekaa juu ya kiroba, goti bovu limenyooshwa. Alisema hakuelewa yote ya mbavu na kano, lakini ameelewa kwamba kinachotakiwa ni mtu wa kusalimiwa upande wa kulia, alasiri. Basi atachelewa kwenda kwake. Atakaa pale pale pingili ya saba, na wao waje wamsalimie.

"Uzito wangu nao si mnautaka?" aliuliza.

 Kwa Somoe hapo ndipo penye uzito kuliko pote: kumruhusu mwanamke huyu akae juu ya bonde kwa ajili ya kitu ambacho yeye Somoe hawezi kukiapia. Kumkatalia kungekuwa kumfanya mtoto. Kumkubalia kungekuwa kumfanya chombo, kama asingekuwa naye pale.

Akatoa masharti yake. Watafunga wavu chini ya pingili tatu za katikati, na kila atakayesimama atafungwa kamba kiunoni. Siku za mwanzo atakayekaa pale ni yeye mwenyewe. Bi Salima atafuata akishaona shingo inashika. Na kazi itafanyika wakati mchanga wa mto unaonekana tu. Siku maji yatakapoufunika mchanga, wataacha, na kama kulia hakuna kitu, atapitisha dawa kwa mkono wake.

Ntandu aliandika neno lake, kumwacha hai. Madumu aliyaacha chini ya mguu wa kulia, akaahidi kurudi mawingu yatakapokusanyika.

*

Salamu zilirefuka. Katika siku za Somoe zilikuwa fupi na za woga, watu wakishika kamba kuliko walivyoshika maneno. Alipokaa Bi Salima zilipata nyama. Waliulizana habari za watoto walio mbali, za mihogo, za ndoto. Ng'itu, akiwa na kiroba kichwani, alimuuliza Bi Salima hali ya mbuzi mmoja mmoja, na walipokwisha walio hai akaanza waliochinjwa. Wanawake nyuma yake walimtukana kwa furaha huku magoti yao yakipinda na kunyooka.

Kila jioni Somoe aligonga upande wa kulia. Sauti ilikuwa ile ile. Mawingu yalianza kukaa juu ya kilima na kutoondoka. Alianza kuamka na wazo kwamba huenda amewaomba watu hawa kitu kikubwa kwa sababu tu hakutaka kuona anachokilea kikifa. Hakulifukuza wazo hilo. Alikwenda nalo kazini, akakagua wavu na mafundo ya kamba mara mbili zaidi kwa sababu yake.

Asubuhi moja mchanga haukuonekana. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, na maji ya rangi ya chai yalikuwa yakipita kimya, bado ya magotini. Ntandu alifika saa hiyo hiyo, akavusha gari kwa taabu, magurudumu yakirusha matope. Aliposhuka alitazama nyuma, akaona alama za magurudumu zimekwisha kufunikwa.

 Somoe alijifunga kamba, akaenda hadi pingili ya saba, akagonga kulia. Hakuiamini sauti. Akaingiza mkono chini ya utando, akaacha vidole vitafute vyenyewe. Kwenye kano, mahali pale pale pa kishina, palikuwa na ncha ngumu, nyembamba kama kidole cha mtoto, imeelekea nyuma.

Alimwita Ntandu, akampisha. Mhandisi alilala kifudifudi, mkono ukazama. Akakaa hivyo muda mrefu, mvua ndogo ikimlowesha mgongo.

Alipima mpaka maji ya mto huko chini yakawa ya mapajani, kisha mpaka yakapita kimo cha mtu. Alipomaliza alisema kwamba mbavu zote mbili bado fupi, ya kulia hasa. Kwa watu wa miguu zinatosha, na kwa machela na wabebaji wake. Kwa gari, hapana, mpaka zipishane na pingili ya nyuma yake, na hilo litachukua misimu.

"Na madumu?" aliuliza Somoe.

Ntandu aliyatazama. Akamwomba Ng'itu amsaidie, wakayapakia nyuma ya gari moja baada ya jingine, akafunga mlango. Funguo aliziweka kwenye kiganja cha Somoe.

"Siku ukiona inabidi, huhitaji kunisubiri."

"Na wewe unarudije mjini?"

Mto ulikuwa umejaa bonde. Upande wa pili, kwenye mwamba, Bi Salima na watu wa ng'ambo walisimama chini ya mvua, wasijue kama wanaruhusiwa kuja. Ntandu alivua viatu, akaviingiza kwenye mfuko wa vipimo, akautupia begani.

"Gari nitalifuata Mwali akishakuwa mtu mzima," alisema, akaanza kuvuka kwa kufuata upande wa kulia.

Ng'itu alimpigia kelele kwamba akianguka hana mtani wa kumzika huku. Ntandu alipunga mkono bila kugeuka. Somoe alimfuata kwa macho, pingili kwa pingili, mpaka alipopita ya saba. Kisha akachuchumaa kando ya mguu wa kushoto wa Mwali, akafungua koki ya uji kidogo zaidi.